Moshi wa Mzazi

Nilimzaa mtoto wangu wa kwanza katika nyumba ya wakwe zangu Bagamoyo, katikati ya miaka ya sabini, wakati sukari na sabuni vilikuwa vitu vya kunong'onezana. Alikuwa wa kike. Alilia kwa sauti nene tangu anatoka, na mkunga akacheka akasema mapafu ya huyu yanatosha watoto wawili. Naliandika hili mwanzo kwa sababu baadaye watu walisema mtoto alikuja duniani akiwa hafifu. Hakuja hafifu. Nilimbeba mimi na nilimzaa mimi, na anayetaka kunibishia aje nyumbani kwangu tubishane.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya zamani, yenye ua mrefu nyuma. Baba mkwe wangu alikuwa mfua shaba. Alifua madele, yaani mabirika ya kahawa, sinia na vyetezo vya kufukizia udi. Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alipenda kusema kwamba harusi isiyo na dele la mumewe ni karamu tu. Sikumpinga, madele yalikuwa mazuri kweli. Mume wangu hakuchukua nyundo ya baba yake. Alifanya kazi ya shamba huko Makurunge, akija nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili, na kwa tabia yake alikuwa mtu wa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Mwaka ule mabamba ya shaba yaliyokuwa yakija kutoka ng'ambo yalikuwa yamekatika kabisa. Mzee alikaa mbele ya fuawe lake bila kitu cha kupiga, na mtu wa namna ile akikaa bure nyumba nzima inaumwa. Ndipo dereva mmoja wa lori akaanza kumletea magunia ya takataka za umeme kutoka Dar es Salaam: nyaya, na vibao vyembamba vilivyong'olewa kwenye mitambo ya simu na redio iliyokufa. Vibao vilikuwa vya kahawia, vigumu, na upande mmoja vimebandikwa shaba nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyochorwa vijia vijia. Shaba ile ndiyo Mzee aliyoitaka. Ilikuwa kidogo sana kwa kila kibao, lakini gunia ni gunia.

Tatizo ni kwamba vibao vilikataa kuwaka. Ukikitia kimoja kwenye moto kinavuta moshi, kinatoa mapovu, halafu kinazima chenyewe. Mzee alikipenda hicho kibao kwa ajili hiyo. Alisema ni kitu chenye adabu, hakirukii paa la mtu. Sasa najua kwamba waliokitengeneza walikitia dawa makusudi, ili simu ikipata hitilafu isiunguze nyumba. Wakati ule sisi tuliona ni plastiki ya kizungu, ngumu, na basi.

Mara ya kwanza aliichoma shehena yake juu ya makumbi ya nazi, moto mkubwa, vibao vikubali visikubali. Moshi mweusi ukapanda na kushuka kwa majirani. Jirani wa nyuma alikuwa ameanika nguo za Idi. Alikuja mlangoni jioni, akaamkia, akauliza hali ya kila mtu aliyemo ndani, akauliza na hali ya mimba yangu, na baada ya kahawa ndipo akasema kwa upole kwamba kanzu zimebadilika rangi kidogo. Mzee aliona haya mpaka akashindwa kumalizia kikombe chake.

Kesho yake alichimba shimo uani. Akapanga vibao chini, mkaa juu, akafunika kwa majivu, na juu ya majivu akatandaza gunia bichi. Moto haukuonekana tena. Vibao viliungua taratibu mchana kutwa, na moshi uliotoka ulikuwa mchache, mweupe, ukitambaa ardhini badala ya kupanda. Jirani alipita kumshukuru. Mtaa mzima ulimsifu kwa kujali watu. Shimo lile lilikuwa futi chache kutoka dirisha la chumba changu, na wiki chache baadaye nililazwa chumbani humo na mtoto.

Kwetu mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hukaa ndani siku arubaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunywa uji wa pilipili manga, na hufukizwa. Makaa huwekwa kwenye chetezo chini ya kigoda, mzazi hukaa juu yake amefunikwa kanga mpaka shingoni, na moshi wa udi na ubani humpanda mwilini. Nguo za mtoto nazo hutandazwa juu ya tenga lililopinduliwa, chetezo kikiwa ndani. Ni jambo tamu, sitasema uongo. Baada ya uchungu wa kuzaa, mtu akikufunika na kukutia joto, unajisikia umerudi kwa watu. Sharti lake moja ni kwamba moto wa mzazi hauachwi uwake. Ndimi zikitokea huzimwa kwa majivu. Yatakiwa makaa mekundu, mapole, yanayotoa joto bila haraka.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, na mkaa wote mjini ulikuwa umelowa. Mavyaa alihangaika na mkaa wake unaolia na kurusha cheche. Mzee akamwambia, "Mama watoto, ya nini taabu? Chukua shimoni kwangu. Vibao vikishaiva vinakuwa makaa mazuri, havirushi cheche, havizimi upesi. Mpe mwanangu joto."

Alisema hivyo kwa mapenzi. Aliniwekea makaa bora kuliko yote, akiyachagua kwa koleo yeye mwenyewe, na vipande vya shaba ambavyo havijabanduka vikimetameta ndani yake. Harufu yake ilikuwa ya uchungu, inayokaa kwenye ulimi. Mavyaa aliona ni jambo la kutengenezeka. Aliongeza udi.

Asubuhi na jioni nilikaa juu ya moshi ule. Katikati ya mchana nguo za mtoto zilifukizwa, na katikati ya hayo yote shimo lilikuwa likitambaza moshi wake mweupe chini ya dirisha. Mtoto alilala ubavuni mwangu. Alinyonya kwa nguvu, na titi likijaa alilivuta kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya.

Kilichoanza ni macho. Aliamka yameganda kwa tongo zito, la njano, na kope zimevimba. Niliyaosha kwa maji ya uvuguvugu na yakaganda tena. Halafu vikatokea vipele mashavuni, vidogo, vigumu, vyenye kichwa cheusi, si vile vya joto ambavyo kila mtoto huwa navyo. Mimi mwenyewe nilivipapasa nyuma ya masikio yangu. Mzee alikuwa navyo uso mzima, na yeye akasema ni umri, kana kwamba wazee hutoka chunusi. Kucha za mtoto zikaanza kuwa na rangi ya maji ya mkaa. Na uzito hakuongeza. Ananyonya, anashiba, anacheua maziwa, na mkono wake unabaki vilevile, kisha ukaanza kupungua.

Nilimwambia mavyaa. "Mama, moshi huu hauna kitu? Naona tangu umeanza makaa haya mtoto hana macho."

Alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. "Mwanangu, wewe umezaliwa Kerege, huko kwenu mnafukiziwa kwa majani. Moshi hauumi mzazi. Mimi nimezaa wangu wote juu ya moshi. Huyu ametazamwa na mtu."

Akasema ni jicho. Akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaliosha, nikanywa na mtoto akapakwa. Sina neno juu ya kombe. Lakini dawa ya jicho ina mwenzake, na mwenzake ni kufukizwa. Ikiwa mtoto kaingiliwa na kitu, kitu hicho hutolewa kwa moshi. Sasa tukafukizwa mara nyingi zaidi, na mtoto akapitishwa juu ya chetezo mikononi mwa mavyaa, uso chini, ili moshi umwingie vizuri. Kadiri alivyozidi kuumwa ndivyo moshi ulivyozidishwa, na kadiri moshi ulivyozidishwa ndivyo alivyozidi kuumwa. Niliiona kamba ile ikijizungusha na sikuwa na pa kuikatia. Nilikuwa mke kijana katika nyumba ya watu, ndani ya arubaini, na kila mtu pale alikuwa akimpenda mwanangu.

Nililia sana siku hizo. Nililia kwa hasira, nikiwa nimeuma kanga, kwa sababu mzazi akisikika analia wanasema naye ameingiliwa.

Mume wangu alipokuja Ijumaa nilimwonyesha mtoto kwenye mwanga. Alimshika kidole, akakigeuza kuutazama ukucha. Nikamwambia, "Tutoe humu ndani."

"Arubaini bado."

"Arubaini itamkuta nani?"

Akaenda kuzungumza na mama yake. Aliporudi alikuwa na maneno ya mama yake mdomoni, neno kwa neno. Nilitamani nimrushie kikombe. Sikumrushia, nilikuwa na mtoto kifuani.

Nilichokipata kwake ni ruhusa ya kwenda zahanati, nimejitanda buibui, na mavyaa pembeni. Mganga wa pale alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alimpaka mtoto dawa ya zambarau, akatupa ya macho, akamwinua na kumpima kwa mikono kwa sababu mzani ulikuwa mbovu. Akaniuliza kama maziwa yanatoka. Nikasema yanatoka mpaka yanalowesha godoro. Akasema basi hiyo ndiyo dawa bora kuliko zote alizonazo kabatini. "Mnyonyeshe, dada. Kila akilia mpe. Usimpe kitu kingine."

Niliishika kauli ile kama mtu anayezama. Kilikuwa kitu kimoja ambacho hakuna mtu katika nyumba ile angeweza kunizuia.

Niliondoka kwenye adhuhuri ya Ijumaa iliyofuata, wanaume wakiwa msikitini na mavyaa akiswali chumbani kwake. Sikuaga. Nilimfunga mtoto mgongoni ndani ya buibui, nikatoka kwa mlango wa uani, nikapita kando ya shimo. Lilikuwa limefunikwa vizuri. Moshi wake mwembamba ulinifuata mpaka kwenye uchochoro. Barabarani nilipata gari la mchuuzi mmoja wa nazi aliyemjua baba yangu, akanipeleka Kerege bila kuuliza swali.

Mama yangu alinikuta mlangoni. Aliangalia mtoto, akaangalia uso wangu, akasema, "Ingia, mwanangu. Hapa hakuna moto." Ndani ya arubaini yangu aliniogesha maji ya kawaida, na nguo za mtoto akazifua na kuzianika juani mpaka harufu ikatoka. Mlango uliachwa wazi. Upepo ulipita kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma.

Siku za mwanzo nilidhani nimeshinda. Macho ya mtoto yalianza kufunguka. Asubuhi moja alinitazama, akanitambua, na akaacha titi ili acheke, kisha akalirudia. Nilimwita mama aje aone. Nilikaa kwenye mkeka nimemkumbatia, nikapanga jinsi nitakavyorudi Bagamoyo na mtoto mnene na kumweka mapajani mwa mavyaa bila kusema neno. Niliyapanga hata mavazi nitakayovaa.

Lakini mwili haukurudi. Alinyonya mchana, alinyonya usiku, mimi nikala kisamvu na samaki na uji na kila alichonipa mama, maziwa yakajaa, mtoto akayamaliza. Na alipungua. Tumbo likawa kubwa, miguu ikawa vijiti, ngozi ikazidi kuwa na ile rangi isiyo yake wala yangu. Mama alisema, "Mpe, mpe tu, mtoto anayenyonya hafi." Nilimpa. Alipokuwa hana nguvu ya kuvuta nilimkamulia mdomoni, tone kwa tone, nikimbembeleza ameze. Alimeza. Alikuwa mtoto mtiifu.

Alifariki Kerege, alfajiri, titi likiwa mdomoni mwake. Nilijua kwa sababu maziwa yalianza kumwagika kando.

Wakwe zangu walikuja kwa mazishi. Mzee alilia waziwazi, kwa kwikwi, uso wake ule uliojaa vipele umelowa, akashika mguu wa kitanda cha kamba na hakuweza kuongea. Mavyaa alinikumbatia. Kisha, mbele ya mama yangu na wanawake wote waliokaa mkekani, akasema kwa sauti ya chini, ya kusikitika kweli, "Ungemwacha amalize arubaini yake." Nami nilikuwa nimeshaanza kujiuliza hivyo hivyo.

Nilijiuliza kwa miaka mingi. Tulipata nyumba yetu wenyewe, nikazaa watoto wengine, wa kiume wote, hakuna aliyefukizwa hata kwa ubani, na wote wakanawiri. Watu wa Bagamoyo hawakusema kwamba wamenawiri kwa kukosa moshi. Walisema Mungu amenisamehe. Mzee aliendelea na shimo lake mpaka mabamba ya shaba yaliporudi madukani, na alikufa uso wake haujasafika.

Sasa niseme jinsi nilivyojua. Nimeshakuwa bibi, nimestaafu ualimu, na kata yetu ikaletewa semina juu ya uchomaji taka. Mtaalamu alikuwa msichana wa rika la wajukuu zangu, mwenye miwani na soksi. Nilikwenda kwa sababu palikuwa na chai. Akaonyesha picha za vijana wanaochoma nyaya na vibao vya redio ili wapate shaba, na mimi nikaweka kikombe chini.

Alieleza kwa lugha nyepesi. Dawa inayotiwa kwenye plastiki ili isiwake ina kitu kiitwacho bromini. Ikikaa ndani ya kibao imetulia. Moto mkali sana wa tanuri huivunja. Lakini ikitiwa joto la katikati, makaa yasiyo na ndimi, yaliyofunikwa, yenye hewa kidogo, bromini hutoka na kushikana na masalia ya vitu vilivyoungua nusu, na wakati moshi unapoa huzaliwa kitu kipya, dioksini, ambacho hakuna mtu aliyekitia. Na shaba, alisema, hurahisisha kazi hiyo. Nilimwelewa haraka: shaba ni mshenga, inawakutanisha wawili na yenyewe inabaki vilevile.

Kwa hiyo ile sumu haikutoka ng'ambo na magunia. Tuliitengeneza uani, kwa ustaarabu wetu. Moto wa makumbi uliochafua kanzu za jirani ulikuwa afadhali kuliko shimo la adabu. Na sharti la mavyaa, moto usiachwe uwake, ndilo hasa lililotakiwa ili sumu izaliwe.

Watu walipotoka nilibaki. Nikamweleza yote, macho, kucha, vipele. Alisikiliza na hakunikatiza. Kisha akasema hawezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua, kwani hakuna aliyepima damu, na watoto walikufa kwa mengi wakati ule. Namheshimu kwa hilo. Wengi wangenipa jibu la kunifurahisha.

Nikamwambia, "Lakini nilimtoa. Nilimtoa kwenye moshi nikampeleka kwenye hewa safi. Mbona hakupona?"

Akavua miwani. "Bibi, alikuwa ananyonya?"

"Kutwa kucha."

Akaanza kuifuta miwani yake, na mimi nikamwambia nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, hakuna atakaloniambia likaniangusha. Hapo akasema kwamba kitu kile hakitoki kwa jasho wala kwa choo, hukaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Mwanamke ana mlango mmoja tu wa kukitoa upesi, nao ni maziwa. Mtoto wa kwanza ndiye anayekipata kwa wingi. Wanaofuata wanakuta kimepungua. Akaongeza haraka, kwa kunionea huruma, kwamba hata hivyo mama hushauriwa anyonyeshe, kwa sababu maziwa yana faida nyingi kuliko madhara, na kwamba mimi sikuwa na njia ya kujua.

Nilimshukuru. Nilitembea mpaka nyumbani nimenyooka.

Mwanangu wa pili alikuwa amefika kunisalimu, mtu mzima, mwenye watoto wake, kifua kipana, meno yote mdomoni. Alisema, "Shikamoo mama," akakaa mkekani, akala. Nilikaa kumtazama anavyokula. Afya ile yote, dada yake alimtangulia akaisafishia njia, akanimalizia sumu mwilini tone kwa tone, na mimi nikimbembeleza ameze. Kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, sikuweza kumpenda yule mtoto aliyekuwa hai mbele yangu. Alinyanyua sahani akauliza kama kuna wali mwingine. Nikampakulia.